Kulijua Gugu Kabla ya Kulipalilia

Kutoka Makote na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hata Masasi, mkulima hutumia jembe lile lile kwa kila gugu. Lakini magugu hayana tabia moja, wala hayashindwi kwa njia moja. Mwalimu mwenye bustani ya shule yampasa kuzijua tabia hizo kwanza.

Neno la kawaida ni magugu. Husemwa pia kwekwe. Kuyaondoa ni kupalilia, na kazi yenyewe ni palizi. Majina hayo yakusanya mimea mingi. Hapa twatazama miwili, ndago na kiduha.

Ndago hufanana na nyasi, nayo chini ya udongo ina viazi vidogo vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga. Jembe likizikata nyuzi hizo, kila kiazi kilichobaki chaweza kuchipua peke yake. Basi yafaa kuchimba wakati wa kiangazi, kuvikusanya viazi na kuvianika juani hata vikauke kabisa. Tena ndago haipendi kivuli. Mazao yenye majani mengi yakifunika ardhi, hudhoofika.

Kiduha hushika mizizi ya mahindi na mtama, kikainyonya chini ya ardhi. Maua yake yaonekanapo, hasara imekwisha kuingia. Hata hivyo kuking'oa si kazi bure, maana mche mmoja waweza kutoa maelfu ya mbegu, nazo hudumu udongoni miaka 10 na zaidi. Na king'olewe kabla ya kuzaa, kichomwe moto. Mwaka ufuatao zipandwe kunde: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, zikaota, zikakosa pa kushika, zikafa. Muhogo nao haushikwi. Samadi pia husaidia, kwa kuwa kiduha hushamiri katika ardhi iliyochoka, na mchanga wa uwanda huu huchoka upesi.

Wako wamwagao maji ya chumvi juu ya magugu. Bustanini njia hiyo haifai: huua mboga pamoja na gugu, na udongo huharibika.

Basi watoto wafundishwe hivi: palizi ya ndago ni ya kiangazi na ya kuchimba, palizi ya kiduha ni ya kabla ya mbegu. Azichanganyaye hutoa jasho mara mbili, na ghala lake halijai.