Mzigo mdogo, maneno machache: Kuwauzia wazazi wenzako bila kuwachosha

MFANYABIASHARA mdogo anayeuza madera, khanga au sabuni kwa wazazi wenzake katika kijiji kama Kikole, wilayani Kilwa, ana tatizo moja ambalo mwenye duka la Kariakoo hana. Mteja wake wa leo ndiye atakayekaa naye benchi moja kesho kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Duka la mjini likimchosha mteja, mteja huhamia duka la pili na habari ikaishia hapo. Kijijini hakuna pa kuhamia. Mzazi aliyechoshwa hagombi wala halalamiki. Hunyamaza, hupita njia ya nyuma ili asikutane na muuzaji, na siku ya kikao huchagua kukaa upande wa pili. Muuzaji hapo amepoteza mnunuzi, na pia amempoteza jirani ambaye angemwangalizia mtoto siku anapokwenda Nangurukuru kupokea mzigo.

Kwa sababu hiyo, namna ya kuitaja biashara mbele ya wazazi wenzake ni sehemu ya mtaji wa muuzaji. Mtaji huo ukiliwa, hakuna benki inayoukopesha tena.

KUTEMBEZA SI JAMBO GENI

Mkoa wa Lindi ndio ulioipa nchi jina la wafanyabiashara wa kutembeza bidhaa. Wamachinga ni watu wa mkoa huo. Vijana wa kusini walipokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki na kuuza bidhaa mkononi, jina la kabila likageuka jina la kazi, na leo hata kijana wa Mwanza anayeuza soksi huitwa mmachinga.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo haumkatazi mtu kutembeza biashara. Unamkumbusha tu kwamba bidhaa inayoeleweka humpunguzia mwenyewe kazi ya kusema.

Kikole wanalijua hilo kutokana na biashara ya magogo. Mwaka 2009, msitu wa kijiji hicho na wa kijiji cha Kisangi uliingia katika cheti cha FSC cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa msaada wa shirika la MCDI linaloshughulika na uhifadhi wa mpingo wilayani Kilwa. Maana ya cheti cha namna hiyo ni kwamba gogo linaeleza lenyewe limetoka wapi na limevunwa vipi, na mnunuzi huamua kwa kutazama karatasi badala ya kubembelezwa.

Muuzaji wa madera hana cheti cha aina hiyo, lakini anaweza kufuata njia ileile. Bidhaa ionekane, bei ijulikane, na aliyeinunua mwanzo awe shahidi wake.

ALIYEKUJA KUNUNUA NA ASIYEKUJA

Kampuni kubwa za mauzo ya moja kwa moja zilijifunza mapema kutenganisha watu wa aina mbili: waliokuja kununua, na waliokuja kwa shughuli nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Tupperware ya Marekani. Mwaka 1951 iliondoa vyombo vyake vya plastiki madukani na kuviuza kwenye mikusanyiko ya nyumbani tu. Mama mwenye nyumba aliwaalika jirani zake, muuzaji akawaonyesha vyombo vinavyofungwa na kufunguliwa, na mwenye kutaka akaagiza. Mpango huo ulifanikiwa kwa miaka mingi kwa kuwa kila aliyefika alijua alichoitiwa. Asiyetaka alikuwa na nafasi ya kutokwenda. (Miaka mingi baadaye mambo yalibadilika, na Septemba 2024 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.)

Kikao cha wazazi ni kinyume cha hali hiyo. Mzazi amekuja kusikia habari za madawati, chakula cha mchana au matokeo ya mitihani. Hakuitwa kununua, na hawezi kuondoka. Muuzaji akifungua mfuko wake hapo, amemfungia mwenzake mlango. Atakayenunua atanunua kwa haya, na asiyenunua ataondoka na kinyongo.

Hali ni hiyohiyo kwenye msiba, kwenye khitma na kwenye foleni ya zahanati. Ni hivyo pia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa moja. Kundi hilo limeundwa kwa habari za watoto, na mzazi hawezi kujitoa bila kuzikosa habari hizo.

Zipo sehemu ambazo kutaja biashara hakumuudhi mtu. Kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, hukutana kwa ajili ya fedha, na mwanachama akieleza shughuli yake hatoki nje ya mada. Mchezo wa kupeana fedha nao ni hivyo, na nyumbani kwa muuzaji vilevile, siku aliyotangaza kwamba mzigo umefika na mwenye kutaka apite kuangalia.

SENTENSI MOJA INATOSHA

Nafasi nzuri zaidi ni pale mwenzake anapouliza mwenyewe. Muuzaji anayevaa dera analouza, au anayefulia sare za wanawe kwa sabuni anayouza, hana haja ya kutangaza. Siku moja ataulizwa.

"Shoga, dera hili umelipata wapi?"

"Nauza mwenyewe. Yapo ya rangi tatu. Ukipata nafasi siku yoyote, pita nyumbani uyaone."

Baada ya hapo mazungumzo yarudi kwa watoto. Mwenzake ameshajua bidhaa ipo, ipo kwa nani na ipo wapi. Kubwa zaidi, hajaambiwa aamue hapo hapo. Maneno "siku yoyote" ni ya thamani kwa sababu yanampa nafasi ya kukataa bila kutamka neno la kukataa.

Anayeulizwa kazi yake naye ajibu kwa kifupi kama anavyojibu mkulima au fundi cherehani: "Nalima ufuta, na nauza sabuni ya maji." Kazi ikitajwa pamoja na kazi nyingine haisikiki kama tangazo, bali kama habari ya mtu. Mwenye haja ya sabuni ataikumbuka.

Neno la kuepukwa ni "niungishe". Mzazi anayeombwa amuungishe mwenzake hanunui sabuni, anatoa msaada. Msaada hutolewa mara moja, pengine mara mbili, na anayeutoa hujiona amemaliza wajibu wake. Mteja wa huruma harudi sabuni inapokwisha. Anayerudi ni yule aliyeona nguo zimetakata.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni kutuma watoto kupeleka bidhaa kwa wenzao wa darasani. Mtoto hajui kukubali kukataliwa, na deni la wazazi huweza kugeuka ugomvi wa watoto. La pili linamhusu mwalimu au mjumbe wa kamati ya shule anayefanya biashara. Mzazi huogopa kumkatalia mtu mwenye kauli juu ya mtoto wake. Mwenye cheo kama hicho asubiri kufuatwa, asianze yeye.

HESABU YA MALI KAULI

Wauzaji wengi hawang'ang'anii watu kwa tabia mbaya. Wanasukumwa na deni. Mzigo huchukuliwa kwa mali kauli, yaani bidhaa sasa na fedha baadaye kwa kuaminiana kwa maneno, na tarehe ya kulipa ikikaribia sauti ya muuzaji hubadilika.

Chukulia mama aliyepokea madera 10 kwa mali kauli, kila moja Sh. 15,000, naye anauza Sh. 18,000. Anadaiwa Sh. 150,000. Akiuza sita kwa fedha taslimu anapata Sh. 108,000. Manne yaliyobaki anawakopesha wazazi wenzake, Sh. 72,000 zikabaki mikononi mwao. Siku ya kumlipa mwenye mali imefika, na anapungukiwa Sh. 42,000. Faida yake yote ya Sh. 30,000, pamoja na Sh. 42,000 ambazo si zake, imo ndani ya nyumba nne za jirani.

Mama huyo atakwenda kugonga milango, apende asipende. Jirani zake watakumbuka msemo kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na uhusiano utachacha.

Sasa chukulia angechukua madera manne tu. Anadaiwa Sh. 60,000. Akiuza matatu kwa taslimu anapata Sh. 54,000. La nne hata akilikopesha, pengo ni Sh. 6,000, fedha ambayo anaweza kuipata kwa njia nyingine bila kumwandama mtu. Yote manne yakilipwa, faida yake ni Sh. 12,000. Ni ndogo kuliko Sh. 30,000 za kwenye daftari, lakini ni faida inayoshikika.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba upole wa maneno huanzia kwenye ukubwa wa mzigo. Muuzaji mwenye mzigo mdogo anaweza kusema "siku yoyote" akamaanisha. Mwenye mzigo mkubwa wa mali kauli atasema "siku yoyote" leo, na keshokutwa atakuwa mlangoni.

Daftari nalo ni la lazima. Jina, tarehe, bidhaa na kiasi viandikwe mbele ya mkopaji, na siku ya kulipa aitaje yeye mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni lisiloandikwa humfanya mdai aonekane msumbufu hata anapodai haki yake.

FEDHA INA MSIMU

Wilaya ya Kilwa hulima ufuta na korosho. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, na minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, husubiri mnada, kisha hulipwa. Fedha kwa hiyo haipo kijijini kila siku. Huja kwa mafungu.

Muuzaji anayeijua kalenda hiyo hapeleki madera ya sikukuu kwa mzazi ambaye ufuta wake bado uko ghalani. Akimpelekea, anamlazimisha kuchagua kati ya kukopa na kukataa, na yote mawili yana gharama kwa urafiki.

Januari nayo ni mwezi wa kunyamaza kwa bidhaa za anasa. Ada ya shule za msingi za serikali ilikuwa imeshafutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 Serikali ikafuta pia ada ya sekondari hadi kidato cha nne pamoja na michango ya lazima. Hata hivyo, sare, viatu na madaftari vimebaki mkononi mwa mzazi. Anayeuza vitu hivyo ndiye mwenye habari inayotakiwa mwezi huo, na hata akivitaja hakuna atakayemwona msumbufu.

BIDHAA AU WATU?

Lipo jambo moja ambalo hata lugha laini hailisafishi. Baadhi ya mipango inayoitwa mauzo ya moja kwa moja humtaka muuzaji alete watu zaidi kuliko auze bidhaa. Kila anayeingia hulipa kiingilio, na faida ya waliotangulia hutoka kwenye viingilio hivyo.

Watanzania wanakumbuka DECI, mpango wa "kupanda na kuvuna mbegu" uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Wengi waliingizwa na watu waliowaamini, wakiwamo ndugu na waumini wenzao. Viongozi wake walishitakiwa, na mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Sheria za Tanzania zinakataza upatu wa piramidi.

Kipimo ni rahisi. Kama bidhaa ingeendelea kununuliwa hata asipojiunga mtu mpya, hiyo ni biashara. Kama bila watu wapya hakuna fedha, mzazi anayealikwa hafanywi mteja. Anafanywa chambo cha kumpata mwingine.

Anayeuza vipodozi, vyakula vya lishe au dawa awe mwangalifu pia na ahadi. Tangu Julai 2019, usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko chini ya TMDA. Muuzaji asiseme unga wa lishe unaponya kisukari. Mzazi akiacha dawa za hospitali kwa kumwamini mwenzake, hasara yake haina daftari.

KWA WENYE MTAJI MDOGO

Anayetaka kuanza biashara ya aina hii kijijini anashauriwa kuanza na mzigo ambao ana uwezo wa kuulipa mwenyewe hata usipouzika. Autumie nyumbani kwake kwanza, ataje biashara yake anapoulizwa, na akimwambia mtu mara moja asirudie mpaka mtu huyo aulize. Msimu wa ufuta ukilipa, wateja watapita wenyewe. Usipolipa, muuzaji atakuwa amebaki na madera mawili kabatini, na jirani zake wote.