Matimba ya Buhemba na hesabu ya misitu ya taifa

Na Mwandishi Wetu

MCHIMBAJI mdogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama mkoani Mara, hawezi kushuka shimoni kwa usalama bila miti. Magogo yanayosimikwa ili kuta za shimo zisiporomoke, ambayo wachimbaji huyaita matimba, hutoka katika vichaka, mashamba na misitu. Miti mingine huishia jikoni ikiwa kuni, na mingine huchomwa ili kupata mkaa unaouzwa mijini. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: nani anaihesabu miti hiyo, na hesabu yake inamfikia nani?

Swali hilo ndilo kiini cha kile ambacho wataalamu hukiita ufuatiliaji wa rasilimali za misitu. Bila kujua msitu una miti kiasi gani, unakua kwa kasi gani na unavunwa kwa kasi gani, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba uvunaji wake ni endelevu. Ni sawa na mfugaji anayeuza ng'ombe kila mnada bila kujua zizi limebaki na wangapi.

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa katika hali hiyo. Takwimu za misitu zilizotumika katika mipango ya serikali zilitokana na makadirio ya zamani, ramani za vipindi tofauti na tathmini za misitu michache. Ndipo mwaka 2009 ilipoanza tathmini ya kwanza ya misitu ya Tanzania Bara nzima iliyofanywa kwa kupima miti ardhini, inayojulikana kwa kifupi chake, NAFORMA. Kazi hiyo ilifanywa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa msaada wa serikali ya Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Matokeo yake yalitolewa mwaka 2015. Zanzibar ilifanya tathmini yake yenyewe.

Hesabu ilivyofanyika

Hakuna nchi inayoweza kuhesabu mti mmoja mmoja. Kinachofanyika ni kuchagua viwanja vya sampuli kwa utaratibu wa kitakwimu, kisha matokeo yake kukadiria hali ya eneo zima. Katika NAFORMA, zaidi ya viwanja 30,000 vilipangwa katika makundi kote nchini. Viwanja hivyo ni vya duara, na eneo kubwa la kupimia lina nusu kipenyo cha mita 15.

Wapimaji hufika kwenye kiwanja kwa kufuata alama za GPS. Hupima unene wa shina katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hutambua aina ya mti, hupima urefu wa baadhi ya miti na kuandika dalili za moto, ukataji au malisho. Aidha, kaya za jirani na baadhi ya viwanja zilihojiwa kuhusu matumizi yao ya misitu. Vipimo hivyo huunganishwa na picha za satelaiti, kwani satelaiti huona ukubwa wa eneo, lakini haiwezi kueleza kikamilifu kama mti ni mninga au mgunga.

Robo ya viwanja ilifanywa kuwa ya kudumu ili wapimaji warudi kuvipima tena. Hilo ni jambo la msingi, kwa sababu kipimo cha kwanza huonyesha hali ilivyo, na ni kipimo cha pili tu kinachoonyesha inakokwenda.

Takwimu zinasema nini

Kwa mujibu wa NAFORMA, Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na takriban asilimia 55 ya ardhi yake. Zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni misitu ya uwazi, hasa miombo. Karibu nusu ya misitu yote imo katika ardhi ya vijiji.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nchi yenye utajiri huo haina sababu ya hofu. Lakini takwimu nyingine zinaonyesha kinyume. Kiasi cha miti kinachoweza kuvunwa kwa mwaka kisheria na bila kudhoofisha misitu kilikadiriwa kuwa meta za ujazo milioni 42.8, ilhali matumizi yalikuwa meta za ujazo milioni 62.3. Upungufu ni meta za ujazo milioni 19.5 kila mwaka. Pengo hilo huzibwa kwa uvunaji unaozidi ukuaji, kwa kufyeka misitu na kwa kukata miti ndani ya hifadhi. Sehemu kubwa ya matumizi hayo ni kuni na mkaa.

Kwa nini namba hutofautiana

NAFORMA ilikadiria kwamba hekta 372,816 za misitu zilipotea kila mwaka, zaidi ya hekta 1,000 kwa siku. Taarifa ambayo Tanzania iliiwasilisha katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2017 ilitaja hekta 469,420 kwa mwaka kati ya 2002 na 2013. Nayo tathmini ya FAO ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Tanzania ilipoteza wastani wa hekta 421,000 kwa mwaka kati ya 2010 na 2020, na kuiweka nafasi ya tano duniani.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja amedanganya. Vipindi ni tofauti na njia za kupima ni tofauti. Aidha, FAO hutoa tofauti kati ya msitu uliopotea na uliorudi, wakati takwimu nyingine huhesabu ufyekaji peke yake. Hata tafsiri ya neno msitu hubadili jibu: katika taarifa ya 2017, msitu ni eneo la angalau nusu hekta, lenye miti inayofikia urefu wa mita 3 na kufunika asilimia 10 ya ardhi.

Pengo la kumbukumbu

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika kinachotoka. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu huvunwa kwa leseni, magogo hugongwa nyundo, ushuru hulipwa na mzigo husafiri na hati yake. Mti uliokatwa usiku na kuuzwa kabla ya jua kuchomoza hauingii katika vitabu hivyo.

Madhara yake yalidhihirika mwaka 2007, pale shirika la TRAFFIC lilipochapisha utafiti kuhusu biashara ya magogo ya kusini mwa Tanzania. Kumbukumbu za China zilionyesha kwamba nchi hiyo ilipokea magogo na mbao mara kumi zaidi ya kiasi ambacho Tanzania iliandika kuwa imesafirisha kwenda huko. Hasara ya mapato ilikadiriwa kufikia dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka.

Kijiji kinabaki wapi?

Viwanja vya sampuli vya taifa havikukusudiwa kueleza hali ya kijiji kimoja. Buhemba, kama vijiji vingine, haiwezi kufungua taarifa ya NAFORMA na kukuta humo idadi ya miti yake. Hesabu hiyo lazima ifanywe na kijiji chenyewe, kwa msaada wa ofisa misitu wa wilaya.

Sheria inakipa kijiji nafasi hiyo. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kuunda kamati ya maliasili, kupima miti yake, kupanga kiasi cha kuvuna na kubaki na mapato. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyofuata njia hiyo vilikuwa, mwaka 2009, vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha FSC kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Shinyanga nako, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirejesha mamia ya maelfu ya hekta za ngitili, maeneo ya malisho na miti yaliyohifadhiwa na wananchi wenyewe.

Tanzania imeahidi kurejesha uoto katika hekta milioni 5.2 ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo ukifika, ahadi hiyo itapimwa kwa miti iliyosimama, na miche iliyogawiwa siku ya sherehe haitahesabiwa. Ili jibu liwe la kweli, viwanja vya kudumu havina budi kupimwa tena, na daftari la kijiji halina budi kuandikwa kila gogo linapotoka, liwe linakwenda kiwandani, jikoni au shimoni.