Redio inayonunua muziki ambayo bado haijasikiwa

Kila mwaka, ndani ya mwezi wa kumi, watu wanajaa Donaueschingen, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, kusikiliza muziki ambayo hakuna mtu amekwisha kuisikia. Festivali hii ilianza kunako mwaka 1921. Mtu wa rumba atauliza: gita iko wapi? Hata pale kwao, kuna wanaotoka wakinung'unika.

Nani analipa? Kwa sehemu kubwa ni redio. Tangu 1950, redio ya umma ya kule, leo SWR, inaagiza vipande vipya kwa watunzi, orkestra yake inavipiga, kisha vinapitishwa hewani. Na makuta ya redio inatoka kwa wakaaji wenyewe: kila nyumba inalipa mchango wa redio na televisheni, euro 18,36 kwa mwezi tangu 2021.

Mwaka 1961, György Ligeti, aliyekimbia Hungaria miaka tano mbele, alileta pale kipande chake Atmosphères. Dakika karibu 9, bila mdundo, bila wimbo wa kushika. Kwa kawaida wapiga violoni wa kundi moja wanapiga kitu kimoja. Hapa, wapigaji wote 56 wa violoni na jamaa zake, kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Sauti zinaingiana mpaka sikio linashindwa kujua nani anapiga nini, kama vile ukungu wa asubuhi juu ya ziwa: unauona, lakini hauwezi kusema umeanzia wapi. Wasikilizaji waliomba irudiliwe palepale, na ikarudiliwa. Mwaka 1968 filamu 2001: A Space Odyssey ikaifikisha kwa watu ambao hawangekanyaga konseri kama ile. Bila wapigaji wenye mshahara na wakati wa mazoezi, kazi ya namna hii inabaki karatasi tu.

Ndiyo maana 2012 ilikuwa chungu. SWR, juu ya kupunguza matumizi, iliamua kuunganisha orkestra zake mbili. Siku ya kufungua festivali, mtunzi Johannes Kreidler alipanda jukwaani, akavunja violoni na selo mbele ya watu wote. Haikubadilisha kitu: 2016 orkestra hizo zikawa moja, na makao yake ni Stuttgart. Ni hiyo sasa inayokuja Donaueschingen kila mwezi wa kumi.