Mihuri ya Fedha ya Uingereza: Ulipie Nini, Upate Nini Bure

Jumamosi yoyote katika soko la Portobello Road, London, utakuta kijiko cha fedha halisi kimelazwa kando ya kijiko cha nikeli kilichochovywa fedha. Vyote vinang'aa, na vyote vina alama ndogo nne au tano zilizogongwa nyuma ya mpini. Cha kwanza kina thamani ya uzito wake hata kikipinda. Cha pili hakina. Anayejua kusoma mihuri hiyo hununua kwa macho yake mwenyewe. Asiyejua hununua kwa maneno ya muuzaji. Elimu hiyo ina njia kadhaa, na gharama zake zinatofautiana sana.

Unachojifunza

Sheria ya Mfalme Edward I ya mwaka 1300 iliagiza vyombo vya fedha vifikie kiwango cha sterling, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, na vipigwe muhuri wa kichwa cha chui. Herufi ya mwaka ilianza London mwaka 1478, na simba anayetembea, ambaye ndiye ushahidi wa sterling, alifuata mwaka 1544. Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zao za upimaji mwaka 1773: ya kwanza ikachukua nanga, ya pili taji, ambalo tangu 1975 ni waridi. Ongeza herufi za jina la sonara, na kwa vyombo vya kati ya 1784 na 1890, kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha kwamba kodi imelipwa.

Bila malipo: majedwali ya mtandaoni

Ofisi za upimaji zenyewe huweka majedwali ya herufi za mwaka kwenye intaneti. Kwa mwenye kijiko kimoja cha bibi kabatini, hayo yanatosha, ila yanamtaka asome kwa mpangilio. Wengi hukimbilia herufi ya mwaka, na hapo ndipo wanapopotea. Chombo cha mwaka 1900 kilipata herufi *e* kikipimwa London, *a* kikipimwa Birmingham, na *h* kikipimwa Sheffield. Kwa hiyo tafuta ofisi kwanza, herufi baadaye.

Hata ofisi ikijulikana, herufi hurudi. Herufi ndogo *e* ya London, kwa mfano, inaweza kuwa ya 1780, 1820 au 1900. Alama za jirani ndizo zinazoamua. Chui mwenye taji bila kichwa cha mfalme: 1780. Chui mwenye taji pamoja na kichwa cha mfalme: 1820. Chui asiye na taji, bila kichwa cha mtawala: 1900, kwa sababu chui wa London alivuliwa taji mwaka 1821 na muhuri wa kodi ukafutwa 1890. Maarifa haya hayagharimu kitu, na yanabadilisha umri wa chombo kwa miaka 120.

Matumizi madogo: lenzi na kitabu cha mfukoni

Anayenunua sokoni anahitaji lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na kitabu kidogo cha Bradbury, ambacho kwa vizazi sasa kimekuwa mfukoni mwa wafanyabiashara. Kila kimoja hupatikana kwa chini ya pauni 20. Kitabu kinalishinda jedwali la simu kwa jambo moja: kinaonyesha kwa mpangilio umbo la fremu inayozunguka herufi, na fremu hiyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha karne mbili. Lenzi nayo itakufichulia herufi EPNS, kila moja ndani ya fremu yake ili ifanane na muhuri wa kweli. Hiyo ni nikeli iliyochovywa.

Matumizi makubwa: Jackson's na mtaalamu

Kitabu kikubwa cha Jackson's kina maelfu ya alama za masonara, na bei yake ni mara kadhaa ya Bradbury. Kinunue pale tu jina la sonara linapopandisha bei, kama alama ya HB ya Hester Bateman, aliyesajili muhuri wake mwaka 1761. Kabla ya hapo, soma maktabani. Mtaalamu wa kulipwa naye asubiri hadi chombo kiwe ghali kuliko ada yake. Chagua anayetoza kwa saa, si kwa asilimia ya thamani anayoitaja mwenyewe.

Shule isiyo na ada

Jumba la makumbusho la V&A lina vyumba vizima vya vyombo vya fedha, na kiingilio ni bure. Lakini kabatini utatazama tu. Siku za maonyesho kabla ya mnada unaruhusiwa kushika, kugeuza na kuweka lenzi, bila wajibu wa kununua. Ukiamua kununua, piga hesabu mapema: nyundo ikigonga kwenye pauni 100, ada ya mnunuzi ya asilimia 25 pamoja na VAT ya asilimia 20 juu ya ada hiyo vinaifikisha pauni 130.

Ushauri wetu

Anza na majedwali ya bure, kisha lenzi, kisha Bradbury. Pesa za Jackson's zihifadhi mpaka ujue unakusanya nini. Ukikosa simba, usikubali kwamba ni sterling ya Kiingereza, isipokuwa kwa vyombo vilivyopimwa kuanzia 1999, ambapo namba 925 ndiyo ya lazima. Kumbuka pia kati ya 1697 na 1720, fedha ilipotakiwa kuwa safi zaidi na simba akampisha Britannia aliyeketi. Na mihuri ikiwa imesuguliwa hadi haisomeki, hakuna jedwali wala kitabu kitakachokupa mwaka: pimisha kama ni fedha, lipa bei ya uzito, usilipie hadithi.