Uoteshaji wa Miti ya Jamii ya Msonobari kwa Vipandikizi katika Makazi ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Katika mipango miji ya kikoloni, Mnazi Mmoja lilikuwa eneo la wazi lililotenganisha mitaa ya Waafrika ya Kariakoo na mitaa ya biashara iliyo upande wa bahari. Nyumba za Kariakoo wakati huo zilikuwa na ukumbi katikati na ua nyuma, na mti wa nyumbani ulipandwa uani. Ghorofa zilipochukua nafasi ya nyumba hizo, ua ulitoweka. Mkazi anayetaka mti hivi sasa huupanda katika ndoo, debe au kopo la rangi, kwenye roshani au juu ya paa. Miongoni mwa miti inayostahimili maisha hayo ni arokaria, ambayo asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki. Makala hii inaeleza namna ya kuotesha mti huo na jamaa zake kwa vipandikizi.

Kwanza, majina yanahitaji ufafanuzi. Mvinje, uliopandwa kwa wingi ufukweni, hudhaniwa kuwa msonobari kwa sababu ya vijiti vyake vinavyofanana na sindano, ilhali ni mti wa kundi la mimea itoayo maua. Jina “mkrismasi” nalo hutumika kwa mti wenye maua mekundu uchanuao mwishoni mwa mwaka, na watu wengine huliita hivyo hivyo saipresi au arokaria. Anayeomba kipandikizi kwa jirani kwa kutumia jina pekee anaweza kupewa mti mwingine kabisa.

Miti yenyewe pia haikubali njia hii kwa kiwango kimoja. Saipresi na tuya huota bila shida kubwa. Msonobari halisi, kama ule wa asili ya Meksiko unaopandwa katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, hutoa mizizi kwa shida sana iwapo kipandikizi kimetoka kwenye mti uliokomaa. Kwa mtu wa nyumbani ni afadhali kutumia mbegu. Joto la Dar es Salaam nalo haliupendezi.

Wakati unaofaa ni baada ya masika, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa inapopoa na jua kupungua ukali. Kipandikizi huchukuliwa asubuhi kutoka kwenye mti mchanga wenye afya: tawi la mwaka huo, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ambalo shina lake limeanza kukakamaa. Kwa saipresi, huvutwa kwa upole ili litoke na kipande kidogo cha gome la tawi mama. Majani ya theluthi ya chini huondolewa. Unga wa homoni ya mizizi, ukipatikana katika duka la pembejeo, huongeza uwezekano wa kufanikiwa.

Udongo wa kuotesha unapaswa kupitisha maji haraka. Mchanganyiko wa mchanga mkavu wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyosagwa unatosha, kwa sharti kwamba makumbi yaoshwe mara kadhaa kwa maji baridi, kwani mara nyingi huwa na chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa sababu hiyo hiyo. Kisha chombo hufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, au kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, na kuwekwa kivulini. Kipandikizi hakina mizizi ya kufidia maji yanayopotea kwa njia ya majani. Kifuniko hutunza unyevu hewani. Jua la moja kwa moja likipiga kifuniko hicho, vipandikizi huungua kwa saa chache tu. Visahani vya maji chini ya vyombo viepukwe, kwani huzalisha mbu waenezao homa ya dengi, ambayo jiji hili liliipata mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Kinachofuata ni subira. Saipresi huweza kuchukua miezi miwili hadi minne. Jani likiendelea kuwa la kijani si uthibitisho wa mizizi, maana kipandikizi huishi kwa akiba yake kwa muda mrefu; hata uvimbe mweupe unaotokea kwenye jeraha si mzizi bado. Kukivuta mara kwa mara ili kukichunguza ndiko kunakokiua.

Saipresi inahitaji tahadhari zaidi. Vidukari wa saipresi waligunduliwa Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika Kenya, wakikausha miti katika mashamba ya ukanda huu. Tawi lenye wadudu hao lisiletwe nyumbani, hata likiwa la bure.

Arokaria ina kanuni yake, na wengi hupoteza mwaka mzima kwa kutoijua. Tawi la pembeni likikatwa na kupandwa, hutoa mizizi, lakini mche wake huendelea kukua kwa ubavu kana kwamba bado ni tawi. Kuufunga kwenye mti wa kuegemea hakuubadilishi. Mche ulionyooka hupatikana kutokana na kilele cha shina kuu pekee, na kila mti una kilele kimoja. Hata hivyo, kilele kikikatwa, vichipukizi vilivyolala kwenye shina huamka na kutoa vilele vipya vinavyosimama wima, ambavyo navyo hukatwa na kuoteshwa. Mti mama hupoteza umbo lake zuri, kwa hiyo anayekusudia kuzalisha miche hutenga mti mmoja kwa kazi hiyo. Mnunuzi wa miche barabarani, kwa upande wake, atazame mche kutoka juu: wa kilele hutandaza matawi pande zote kama miali, ilhali wa tawi la pembeni hutandaza pande mbili tu, kama unyoya.