Fahamu: Kwa nini watazamaji hupiga kelele katika vibanda umiza

Vibanda umiza, vyumba vya kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, ni sinema ya wachimbaji wadogo katika miji kama Katoro, Geita na Kahama. Humo filamu za kubuni za kisayansi zenye mwendelezo mrefu, kama Terminator iliyoanza mwaka 1984, hazitazamwi kimyakimya. Watazamaji hushangilia, humwonya shujaa, hubishana juu ya nani atakufa, na huzomea sehemu mpya ikiwaudhi.

Kiini cha msisimko huo ni mtafsiri. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina Tanzania kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje. Mtafsiri wa aina hiyo hafuati maneno pekee: hueleza chanzo cha kisasi, huwabandika wahusika majina ya utani na hukumbusha yaliyopita. Hivyo roboti iliyotumwa kutoka wakati ujao hueleweka hata kwa asiyejua Kiingereza. Hiyo ni sanaa kamili, nayo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Uganda wafanyao kazi kama hiyo huitwa ma-VJ. Kenya yupo DJ Afro.

Kisheria, hata hivyo, kutafsiri filamu ya mtu kwa biashara kunahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki.