Kabla ya Kuongeza RAM

Chini ya meza za studio za picha, saiba na vibanda vya kuchapa mabango, kuanzia Isebania hadi Rongo kaunti ya Migori, na upande wa pili Homa Bay, Oyugis na Mbita, utakuta mashine za ukoo mmoja: HP Z420, Dell Precision, Dell OptiPlex 7010. Nyingi ni za miaka ya 2012 na 2013. Zilitengenezewa maofisi na wahandisi, zikafanya kazi yao ng'ambo, kisha zikaja Kenya kama mitumba. Sasa zinahariri video za harusi na matanga, zinachapa mitihani ya shule, zinajaza fomu za mkopo wa HELB na za ushuru za KRA. Mwenye nayo akimwita fundi, ombi huwa lile lile: niongezee RAM iende kasi.

Mimi huanza kwingine. Mashine hizi zilijengwa zidumu. Kesi ni ya chuma kizito, feni ni kubwa, na Z420 na Precision nyingi zina RAM ya aina ya ECC, ambayo hugundua na kusahihisha kosa dogo la data kabla halijaharibu kazi. Prosesa ya 2012 ni nadra sana kufa yenyewe. Kinachoziua mashine hizi huku kwetu ni stima na uchafu, na ukinunua RAM ya maelfu ya shilingi ukaiweka kwenye mashine ambayo pawasaplai yake imechoka, umetupa pesa.

Stima kwanza. Soketi inatakiwa kutoa volti 240, lakini jioni watu wakiwasha vyombo vyao volti hushuka, na stima iliyokatika mara nyingi hurudi na msukumo mkali. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita, vikopo vidogo vinavyotuliza umeme kabla haujafika kwenye ubao mama. Kila msukumo huvipunguzia umri. Kapasita iliyochoka huvimba kichwani au huvuja, na dalili zake huwachanganya watu: kompyuta inajizima katikati ya kazi, au asubuhi inakataa kuwaka mpaka uijaribu mara tatu nne. Wengi hudhani ni virusi. Stima ikipotea, zima swichi ukutani, na ikirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Halafu kuna radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa waya wa stima na waya wa intaneti pia. Huo wa pili husahaulika, na radi hupitia humo humo.

UPS ni ununuzi mzuri, ila soma namba zake. Ya 650VA kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Xeon E5-1620, prosesa iliyomo kwenye Z420 nyingi, imekadiriwa wati 130 peke yake, kabla hujahesabu kadi ya picha, diski na skrini. Tena, UPS za bei nafuu zikihamia kwenye betri hutoa umeme wa mawimbi ya mraba, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hazivumilii mawimbi hayo. Zinajizima papo hapo, kana kwamba UPS haipo. Ijaribu na mashine yako mwenyewe kabla hujaiamini: hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani, uone.

Uchafu nao unatofautiana kwa mahali. Migori ni vumbi la barabara za murram. Kando ya ziwa ni visubi. Usiku hutoka majini kwa makundi makubwa, hufuata mwanga wa taa na wa skrini, na feni huwafyonza. Ukiitazama mashine ya Mbita kwa juu, feni inazunguka vizuri na huoni kasoro. Ing'oe. Kati ya feni na mapezi ya kipoza joto kumeganda tabaka la kijivu, nene, na mabawa ya visubi yanaonekana ndani yake kwa macho matupu. Hewa haipiti. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na huo ndio mwendo wa konokono ambao mwenye mashine alitaka kuutibu kwa RAM.

Kuisafisha si kazi ngumu. Ipeleke nje, chomoa kila waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Tumia blowa na brashi laini. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zake huharibika na huweza kurudisha umeme kwenye ubao. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji. Kisha vua kipoza joto, futa pesti iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ndogo ya njegere. Meno ya RAM yaliyoshika unyevu yafute taratibu kwa raba ya penseli. Kuna mashine zilizotangazwa kufa ambazo zimefufuka kwa raba hiyo tu.

Usisahau betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikiisha, tarehe ya kompyuta hurudi nyuma miaka, na tovuti kama ya eCitizen hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe ya mashine. Mteja wa saiba analaumu intaneti, kumbe ni betri ya volti 3.

Hapo ndipo pesa za kuongeza kasi zinapoanza kuwa na maana, na za kwanza ziende kwenye SSD. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji milisekunde kumi hivi kufikia kipande kimoja cha data. SSD huhitaji sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu. Ila kwenye Z420 angalia unapochomeka. Kati ya soketi za SATA zilizomo, mbili tu ni za gigabiti 6 kwa sekunde. Nyingine ni za 3. Ukikosea, umeikata kasi ya SSD nusu.

RAM inafuata. Prosesa ya Z420 ina njia nne za kumbukumbu, kwa hiyo vijiti vinne vidogo vina faida kuliko kimoja kikubwa chenye jumla ile ile. Usichanganye ECC ya kawaida na ile ya seva yenye rejista, mashine haitawaka.

Prosesa mpya hununui kwa kubahatisha. Ingia kwenye BIOS ya Z420, usome tarehe ya boot block, kipande cha BIOS kinachoanza kwanza. Ikiwa ni ya 2011, ubao huo haupokei Xeon E5 za toleo la v2. Ikiwa ni ya 2013, unazipokea, na hakuna sasisho la BIOS linaloibadilisha tarehe hiyo. Pawasaplai vilevile: OptiPlex 7010 ya mnara ina plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 ya kizazi kilichofuata ina ya Dell yenye pini 8, na ya duka la karibu haitaingia.

Kuna mpaka ambao vipuri havivuki. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Z420 na 7010 hazifiki hapo. Kwa saiba na ofisi ya shule, Linux Mint inatosha. Studio inayotegemea Photoshop ina uamuzi mgumu zaidi, kwa kuwa Adobe haina toleo la Linux, ingawa mhariri wa video anaweza kutumia DaVinci Resolve, iliyo na toleo la Linux.

Kwa hiyo ukienda kununua moja leo, mwombe muuzaji aifungue kesi mbele yako. Tazama kapasita, pima afya ya diski, soma tarehe ya boot block, na kama anakataa kuifungua, usimpe pesa yako.